Pikipiki inachemka kwenye foleni: Swichi ya feni inavyoongezwa nyumbani, na pale inapoleta balaa

Pikipiki yenye rejeta ikiwa mwendoni, upepo wa barabarani unatosha kuipoza. Ikinasa kwenye foleni ya Mbagala saa nane mchana, upepo umekwisha. Kazi yote inabaki kwa feni ndogo iliyofungwa nyuma ya rejeta.

Feni hiyo haizunguki muda wote. Inasubiri swichi ya joto, ambayo kwenye pikipiki nyingi huiwasha kulanti inapofika karibu nyuzi 100 za Selsiasi au kupita kidogo. Kabla ya hapo dereva anasikia mapaja yanaungua na anaona mshale unapanda, na feni imetulia tu.

Ndiyo maana wengi wanaongeza swichi ya mkono kwenye usukani, waiwashe feni mapema kabla ya kuingia kwenye foleni. Kazi yenyewe ni ya saa moja au mbili nyumbani. Ila ikifungwa vibaya inaua betri, inaunguza waya, au inaficha ubovu mpaka injini ife.

Boda nyingi hazihusiki hapa. Boxer na TVS HLX zinapozwa na hewa kupitia mapezi ya silinda. Hazina rejeta wala feni ya kuongezewa swichi.

Je, feni ni mbovu kweli?

Feni kuchelewa kuwaka si lazima iwe ugonjwa. Mfuniko wa rejeta unabana presha, na kulanti ina kemikali inayopandisha kiwango cha kuchemka. Vikiwa vizima vyote viwili, mfumo unavuka nyuzi 120 bila kuchemka. Kwa hiyo feni inayowaka kwenye 100 na kitu bado ina nafasi ya kutosha.

Shida inaanza kwa aliyejaza maji ya bomba na mfuniko wake umechoka. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Mfuniko usiobana presha unaifanya rejeta iwe kama sufuria hiyo: maji yanachemka kabla hata swichi ya joto haijafika kiwango chake cha kuwasha feni. Mwenye pikipiki analaumu swichi, kumbe tatizo ni mfuniko na maji.

Kulanti ikipungua mambo ni yale yale. Swichi ikizungukwa na hewa badala ya maji, haisomi joto halisi. Kiwango cha kulanti kinaangaliwa injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko ukifunguliwa wa moto, maji yanaruka na kubabua uso.

Waya unaunganishwa wapi

Mfumo rahisi ni ule wa pikipiki za zamani, mfano Kawasaki KLR650 za kabureta, zilizoanza kuuzwa 1987. Swichi ya joto imefungwa kwenye rejeta yenyewe. Kwenye mpangilio wa aina hii ulioenea zaidi, feni inapata chanya kupitia fyuzi, na hasi yake inapita kwenye swichi ya joto ndipo ifike kwenye bodi. Swichi ikipata moto inafunga njia, feni inazunguka.

Jaribio la kwanza halihitaji hata mita. Waya wa swichi ya joto unachomolewa, ufunguo unawashwa, kisha waya huo unaguswa kwenye bodi. Feni ikizunguka, feni na fyuzi ni nzima. Isipozunguka, au ikiruka cheche kubwa, mpangilio huenda ni tofauti na mchoro wa umeme wa pikipiki hiyo unatakiwa kabla ya kukata chochote.

Baada ya hapo swichi mpya inafungwa sambamba na ile ya joto: waya mmoja kutoka kati ya feni na swichi ya joto, mwingine kwenda kwenye bodi. Swichi ya joto inabaki pale pale. Dereva akisahau kubonyeza, feni itawaka yenyewe kama zamani.

Fundi anayeitoa swichi ya joto na kuacha ya mkono peke yake anaikabidhi injini kwa kumbukumbu ya mtu. Siku dereva akipigiwa simu kwenye foleni, gasketi ya silinda hedi inaondoka.

Wapo pia wanaotaka swichi ya kuizima feni kabisa, hasa wanaovuka mito, kwa sababu mapanga yakikutana na maji mengi yanaweza kupinda na kugonga rejeta. Hoja hiyo ina mashiko, lakini swichi hiyo ikisahauliwa, hasara ni ile ile ya gasketi.

Betri na relei

Kwenye baadhi ya pikipiki feni ina umeme hata ufunguo ukitolewa. Swichi ya mkono ikiachwa wazi usiku, feni ya ampea 4 inaimaliza betri ya ampea-saa 12 ndani ya saa tatu, na kustati kunagoma mapema zaidi.

Dawa yake ni relei. Koili ya relei inachukua umeme wa ufunguo, swichi ya usukani inaiwasha koili hiyo tu, na mzigo wa feni unapita kwenye relei. Ufunguo ukizimwa, njia ya swichi ya mkono inakatika. Waya wa chanya unaoongezwa kwa ajili ya koili uwe na fyuzi yake ndogo, karibu na unapochukuliwa umeme.

Anayefunga bila relei atafute swichi ya magari inayobeba ampea 10 au zaidi. Swichi ya taa ya chumbani imetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, na kwenye umeme wa betri vidole vyake vinaungua.

Pikipiki za sindano

Nyingi za kisasa hazina swichi ya joto. Kompyuta inasoma sensa na kuamua lini feni iwake. Kuna wanaoidanganya sensa kwa kuongeza rezista, na huo ni mchezo mbaya: sensa hiyo hiyo ndiyo inayopima petroli ya kumwaga. Kompyuta ikiamini joto ambalo halipo, mchanganyiko unavurugika na kustati asubuhi kunakuwa shughuli. Huku swichi ya mkono inaunganishwa upande wa feni na relei yake, mbali na waya wa sensa.

Kwa pikipiki inayochemka hata ikiwa kasi barabara kuu, swichi haitasaidia. Pale upepo unashinda feni kwa mbali, kwa hiyo kinachotafutwa ni thamostati iliyoganda, pampu ya maji iliyochoka au rejeta iliyoziba matope.