Figo na Homa ya Mkojo Mweusi

Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaisogeza nchi ya Mazingara na Handeni karibu na pwani. Wageni wa Kizungu wakazidi kuingia mabondeni, nao hawakuzoea malaria. Lakini kilichowatisha kupita malaria yenyewe ni homa ya mkojo mweusi: mgonjwa hutetemeka, hukojoa mkojo wa rangi ya kahawa, kisha pengine mkojo hukatika kabisa. Ukikatika, tumaini hubaki dogo.

Robert Koch, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897, alishikilia kwamba kosa ni la kwinini, dawa ile ile ya malaria. Neno hilo lilizua ubishi mkubwa, kwa kuwa mgonjwa aliwekwa kati ya mauti mawili: aache dawa afe kwa malaria, au ainywe figo zife.

Ufumbuzi umo katika kazi ya figo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Carl Ludwig alieleza katika miaka ya 1840 kwamba msukumo wa damu ndio unaoyakamua maji yapite humo. Kwa siku huchujwa lita 180 hivi, na karibu zote hurudishwa damuni na vijia vyembamba, pamoja na sukari na chumvi ifaayo. Taka hutoka katika lita moja au mbili za mkojo. Chembe za damu hazipiti. Lakini zikipasuka kwa wingi, rangi yao nyekundu hupenya chujioni, huutia mkojo weusi, na huviumiza vile vijia na kuviziba. Basi figo haikuasi kazi yake. Ilielemewa na mzigo ulioletwa na damu.

Koch aliona nusu ya kweli. Walioshikwa zaidi ni wale waliougua malaria mara kwa mara, wakanywa kwinini leo na kuiacha kesho. Klorokwini iliposhika mahali pa kwinini baada ya Vita Kuu vya Pili, ugonjwa ukawa adimu, ijapokuwa haukutoweka: katika miaka ya karibuni umewapata watoto wa mashariki ya Uganda.

Tangu mwaka 2009 watoto wa Korogwe walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria. Hiyo nayo ni kinga ya figo, kwani anayeizuia malaria huilinda damu isipasuke, na figo huletewa mzigo inaouweza.