Taya na Mfupa wa Nyonga

Vita ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyowafunza matabibu wa Ulaya kutengeneza taya. Askari walioinua vichwa mahandakini walipigwa usoni, wakapona roho lakini wakakosa taya la kutafunia. Mwaka 1917 hospitali ya kazi ya Harold Gillies ilifunguliwa Sidcup, Uingereza. Huko, na kwa Wajerumani pia, vipande vya mfupa vilipandikizwa kwenye mataya yaliyovunjika.

Vita hiyo hiyo ilifika kwetu. Mapema Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilishambulia Fife, ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma, likasalimu amri Abercorn tarehe 25 mwezi huo. Wapagazi waliojeruhiwa njia hii hawakuwa na Sidcup yao.

Siku hizi adui wa taya hapa Nanyala si risasi. Upo uvimbe uitwao ameloblastoma, utokanao na chembe zinazojenga meno. Mwanzoni hauumi, na ubaya wake ndio huo: mtu hung'oa jino, hujaribu mizizi, humshuku jirani, miaka inapita. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi. Basi hukatwa pamoja na sehemu ya mfupa mzima. Kidevu nacho kikiondolewa bila kutegemezwa, ulimi huweza kurudi nyuma ukaziba pumzi.

Mwaka 2006 E. N. M. Simon wa Muhimbili na wenzake walichapisha taarifa juu ya kujenga upya taya la chini, nchini Tanzania, baada ya upasuaji wa namna hiyo. Kazi yenyewe si ya miujiza. Bamba la chuma hushika ncha mbili, na mfupa wa nyonga hujaza katikati. Mfupa huo hufika bila damu yake. Hungoja mishipa midogo iuingie kutoka nyama za jirani. Mate yakipenya, huoza. Pengo likizidi sentimita 6 hivi, mashaka huwa makubwa. Ndiyo maana David Hidalgo wa New York, mwaka 1989, alieleza njia ya kuchukua mfupa mwembamba ulio kando ya muundi pamoja na mshipa wake, ukaunganishwa na mishipa ya shingoni. Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa kuliko zote, ingawa yataka hadubini, saa nyingi na mikono mingi.

Uvimbe ulioonwa ungali kama yai la njiwa huacha pengo dogo, na nyonga yatosha. Mgonjwa wa Nanyala apelekwaye Muhimbili husafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda kukatwa, na pengine safari ya pili kwenda kupandikizwa.