Kreatini: Kutoka Rojo la Fray Bentos hadi Seli za Maabara

Wauzaji wa virutubisho siku hizi wameipa kreatini sifa nyingine. Wanasema haimpi mnyanyua vyuma nguvu tu, bali pia huzikinga seli za misuli dhidi ya radikali huru, zile molekuli kali zinazozaliwa mwili unapotumia oksijeni. Sifa hiyo haikutungwa. Ina ushahidi wa maabara. Hata hivyo, ukiifuatilia kreatini tangu karne ya 19 utakuta mwenendo unaojirudia: kinachogunduliwa ni kweli, halafu biashara huruka hatua ambayo sayansi bado haijapiga.

Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliipata katika mchuzi wa nyama mwaka 1832. Mwaka 1847 Justus von Liebig, mkemia wa Giessen nchini Ujerumani, alipima nyama ya mbweha waliokimbizwa na kuuawa mawindoni, akakuta kreatini mara kumi ya ile ya mbweha aliyefugwa. Akaamua kwamba misuli ikifanya kazi kreatini hujikusanya. Mwaka 1865 ilianzishwa kampuni yenye jina lake, na kiwanda chake kikawa Fray Bentos, Uruguay, nchi ambako ng'ombe walichinjwa zaidi kwa ajili ya ngozi na nyama ikakosa wanunuzi. Nyama ilichemshwa, mafuta yakaenguliwa, mchuzi ukapunguzwa motoni hadi takriban kilo 30 za nyama zikabaki kilo 1 ya rojo zito la kahawia. Kreatini ilikuwamo, lakini protini na mafuta karibu yote yalikuwa yameachwa nyuma. Hilo halikuzuia rojo hilo kutangazwa kwa wagonjwa na maskini wa Ulaya kana kwamba ni nguvu ya nyama nzima. Wakosoaji walipozidi, Liebig mwenyewe alirudi nyuma akalilinganisha na chai na kahawa. Mauzo hayakutetereka, kwani wapishi walikuwa wameshalizoea, na kwa mpishi ladha inatosha.

Kazi halisi ya kreatini ilianza kueleweka mwaka 1927, pale Cyrus Fiske na Yellapragada Subbarow wa Harvard, na wakati huohuo watafiti akina Eggleton huko Uingereza, walipoonyesha kwamba ndani ya msuli hushikana na fosfati. Kifungo hicho huvunjika msuli unapokaza na kujengwa upya unapopumzika. Kwa miongo mingi baadaye kreatini ilitazamwa kama akiba ya nishati, basi. Swali la ulinzi lisingeweza hata kuulizwa kabla Rebeca Gerschman na wenzake hawajadai, mwaka 1954, kwamba oksijeni hudhuru kupitia radikali huru, na kabla watafiti wa California hawajaona, mwaka 1982, radikali hizo zikiongezeka katika misuli ya panya waliokimbizwa hadi kuchoka kabisa.

Mwaka 2002 John Lawler na wenzake walionyesha kwamba kreatini hunasa baadhi ya radikali, ingawa haidrojeni peroksaidi haiigusi. Mwaka 2006 kundi la Piero Sestili, Urbino, Italia, lilizilowesha seli katika kreatini kabla ya kuzipa sumu zinazodhuru seli kama radikali, zikiwemo seli changa za misuli ya panya. Nyingi zaidi zilinusurika, na vimeng'enya vya kawaida vya kujikinga havikuwa vimeongezeka. Kinga yenyewe ilikuwa ya kiasi, na watafiti hawakuficha hilo. Matangazo ndiyo huliacha neno hilo nje.

Mtu atapinga kwamba safari hii biashara ina haki, maana mwaka 1992 Roger Harris na Eric Hultman walithibitisha kuwa kreatini inayomezwa hufika kwenye misuli. Ni kweli, lakini kufika si kukinga: walithibitisha hilo tu, kwa kuchomoa vipande vya msuli wa paja la watu wenyewe kwa sindano, kabla na baada ya dozi za gramu 5 mara kadhaa kwa siku. Wengine wataleta jaribio kubwa la Marekani la kreatini kwa ugonjwa wa Parkinson, lenye wagonjwa 1,741, lililositishwa mwaka 2013 bila nafuu, waseme ulinzi wote ni hadithi. Nao wanazidisha: ubongo hupokea kreatini kwa shida, kwa hiyo kushindwa huko hakuhukumu msuli. Ushahidi ulio karibu zaidi ni wa wagonjwa wa kudhoofika kwa misuli, ambao nguvu zao ziliongezeka kidogo walipoitumia. Lakini kilichopimwa hapo ni nguvu, na nguvu inaweza kuelezwa na akiba ya fosfati peke yake, bila kuhitaji radikali hata moja. Atakayetaka kutenganisha mambo hayo mawili itambidi arudi kwenye sindano ya Harris na Hultman, na safari hii apime ndani ya kipande cha paja uharibifu wa protini na mafuta ya seli, si wingi wa kreatini.