Mgeni wa Heliamu na Mafundi wa Ivuna: Hoja ya Ubia wa Mafunzo Mkoani Songwe

Katika maabara za sayansi ya anga, Ivuna ni jina kubwa. Kimondo kilichoanguka hapo tarehe 16 Desemba 1938, chenye uzito wa takribani gramu 700, ni miongoni mwa vimondo vichache mno duniani ambavyo mchanganyiko wake wa kemikali unakaribia ule wa jua, na kundi zima la vimondo vya aina hiyo limepewa jina lake. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta mchanga wa asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, watafiti waliulinganisha na Ivuna. Kipande kimojawapo kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili, London. Kata ya Ivuna yenyewe ipo bondeni, kusini mwa Ziwa Rukwa, katika Wilaya ya Momba, na umaarufu huo haujawahi kumpatia mtu wa huko kibarua.

Kimondo hakikuwa mgeni wa mwisho kufika Ivuna. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba kisima kilichoitwa Ivuna-1 ikitafuta mafuta, haikuyapata, ikaondoka. Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa gesi inayobubujika katika chemchemi za Bonde la Rukwa ina kiasi kikubwa cha heliamu. Mapema mwaka 2024 kisima cha Itumbula, jirani ya Ivuna, kikaitoa gesi hiyo juu ya ardhi, na mwaka uliofuata kampuni ikapata leseni ya uchimbaji. Heliamu hupooza sumaku za mashine za hospitali na hutumika katika viwanda vya vifaa vya kielektroniki. Nchi zinazoizalisha kwa wingi zinahesabika kwa vidole.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini mwenyeji haponi kwa mgeni kufika tu. Hoja ya makala haya ni kwamba leseni hiyo ni nafasi adimu ya kuandika ubia wa mafunzo kati ya mwekezaji, vyuo vya ufundi na wafanyabiashara wa mkoa, na kwamba ubia huo utakuwa na maana endapo tu utaanzia kwenye kazi ambazo watu wa Momba na Tunduma wanazifanya tayari.

Tuanze na sheria, kwani haituangushi kama wengi wanavyodhani. Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yaliipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni yenye leseni ya uchimbaji. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni awasilishe mpango wenye sehemu mahususi ya ajira na mafunzo, na nyingine ya uhawilishaji wa teknolojia. Kasoro iko kwenye njia ambayo nyaraka hizo hupita. Mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii hupitia halmashauri. Mpango wa ushirikishwaji huenda Tume ya Madini. Kwa hiyo diwani huzungumzia madawati, zahanati na kisima cha maji, wakati suala la nani atafundishwa nini, wapi na kwa muda gani linaamuliwa Dodoma. Naona huu ni mgawanyo mbaya wa kazi. Dawati ni jambo jema, lakini halimpi kijana wa Itumbula uwezo wa kutengeneza pampu.

Ubia wa namna hii si mgeni nchini. Mwaka 2009 chama cha kampuni kubwa za madini kiliungana na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, kuanzisha mafunzo ya ufundi wa migodini katika chuo cha VETA Moshi. Wanagenzi walisoma chuoni kwa vipindi na kufanya kazi mgodini kwa vipindi. Ubora wake ulitokana na jambo moja: migodi ilieleza inataka fundi anayeweza nini, kisha chuo kikapanga masomo kwa kufuata hilo. Udhaifu wake unaonekana kwenye ramani. Dhahabu iko Geita, Kahama na Tarime. Chuo kiko chini ya Mlima Kilimanjaro. Mgodi ulipata fundi wake. Mwenye gereji wa mjini Geita, ambaye angeweza kuuza huduma kwa mgodi huo kama naye angefundishwa, hakuwa sehemu ya mpango.

Lindi na Mtwara zinatoa somo kali zaidi. Kuanzia mwaka 2012 kampuni za gesi zilifadhili, kupitia shirika la VSO, uboreshaji wa mafunzo ya VETA katika mikoa hiyo ili vijana wafikie viwango vya kimataifa. Walimu walinolewa, mitaala ikasogezwa karibu na soko. Kisha bei ya mafuta duniani ikaporomoka mwaka 2014, na mradi mkubwa wa kusindika gesi huko Lindi ukabaki katika mazungumzo mwaka baada ya mwaka. Sisemi mafunzo yale yalipotea. Mchomeleaji mzuri hapotei. Ila aliyefundishwa kwa matarajio ya mwajiri mmoja hubaki na ndoto ya mwajiri huyo, na ndoto haina mshahara.

Kwa hiyo Songwe isifundishe vijana "kazi za heliamu". Mtambo wa gesi ukishasimama huhitaji watu wachache, na wachimbaji wa visima wenye utaalamu wa hali ya juu huja na kuondoka na mashine zao. Ifundishe fani ambazo mtambo unazihitaji na mkoa nao unazihitaji: umeme wa viwandani, uchomeleaji wa mabomba, injini za dizeli, pampu, mitambo ya kupoozea, usalama kazini. Tunduma peke yake inaweza kuwameza mafundi hao. Mji huo ndio mlango wa barabara kuu ya kwenda Zambia na migodi ya shaba ya Kongo, na reli ya TAZARA inapita humo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza foleni, na foleni bado haijawa historia. Lori lenye friji likikwama hapo, mwenye mzigo anamtafuta fundi anayeweza kusoma mfumo wa kielektroniki wa gari la kisasa. Mafundi wa dizeli wapo, wengi wamejifunzia kazini tangu wakiwa vijana wa kupitisha spana. Wanachokosa ni kifaa cha kupimia hitilafu, mtu wa kuwaonyesha kinavyotumika, na cheti kinachowaruhusu kuomba zabuni. VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi, anaonyeshwa mapengo yake, anajazwa, anapewa cheti. Katika ubia ninaoupendekeza, hapo ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kumwandikisha mwanafunzi mpya.

Ivuna kwenyewe kuna sababu nyingine ya kuheshimu ujuzi uliopo. Mwaka 1968 Brian Fagan na John Yellen walichapisha katika jarida la Azania matokeo ya uchimbuzi wao kwenye mabwawa ya chumvi ya Ivuna. Walikuta malundo ya mabaki na vigae vya vyungu vinavyoonyesha kuwa chumvi ilikuwa ikitengenezwa hapo karne ya 13 hadi ya 15. Mbinu ya kale ya sehemu hizi inajulikana: udongo wenye chumvi unakwanguliwa, unatiwa katika chombo chenye matundu, unamiminiwa maji, na maji yanayochuruzika yanachemshwa hadi chumvi ibaki. Anayeifanya kazi hiyo anapaswa kujua udongo upi ni mkali, maji yasimame muda gani, moto uwe wa kiasi gani. Hiyo ni kemia, hata kama hakuna aliyewahi kuitolea cheti.

Leo mzalishaji mdogo wa chumvi anakwamia mahali pengine kabisa. Chumvi ya kula inatakiwa kisheria itiwe madini joto, na ni haki, maana Nyanda za Juu Kusini ziliteswa sana na rovu. Kutia madini joto kwa kipimo sahihi, kukausha, kufungasha na kupata alama ya Shirika la Viwango Tanzania ni mambo ya kufundishika kwa majuma machache. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina uzoefu wa kazi hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuleta SIDO, VETA na kikundi cha wazalishaji kwenye meza moja huko huko bondeni, badala ya kumtaka mama wa Ivuna apande basi hadi mjini kwa semina ya siku mbili.

Nani alipe? Hapa mfumo wetu una upofu wa ajabu. Kodi ya kuendeleza ufundi stadi, maarufu kama SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara, hutozwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na sehemu kubwa yake kwa miaka mingi imeelekezwa nje ya VETA. Gereji ya watu wanne hailipi. Kikundi cha chumvi hakilipi. Mkulima wa kahawa wa Wilaya ya Mbozi halipi. Ni nafuu kwao, lakini wasiolipa hawaulizwi wanataka mafunzo gani, na huko Songwe wasiolipa ndio uchumi wenyewe. Kampuni ya heliamu itakuwa mlipaji. Ni busara basi sehemu ya mpango wake wa mafunzo iwe na viti vya watu wasio waajiriwa wake: mafundi wa gereji, wachomeleaji wa mageti, wazalishaji wa chumvi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ingewanunulia vifaa wahitimu hao, badala ya kutolewa kwa kikundi ambacho hakijapata hata siku moja ya mafunzo.

Majengo hayatakosekana. Katika mpango wa Serikali wa kujenga vyuo 64 vya VETA, 63 ni vya wilaya na kimoja ni cha ngazi ya mkoa, nacho ni cha Songwe. Tangu Januari 2024 mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, umeanza pia katika sekondari. Wasiwasi wangu ni karakana nzuri yenye fani zile zile za kila mahali, ushonaji na kompyuta, kwa sababu hakuna mwajiri aliyekaa na mkuu wa chuo kabla ya mashine kuagizwa. Ujerumani, ambayo sisi hupenda kuitolea mfano, iliweka uanagenzi katika sheria mwaka 1969 na kuvipa vyama vya waajiri na vya wafanyakazi kauli katika maudhui ya mafunzo na mitihani. Hatuna haja ya kuiga mfumo wote. Kamati ya watu saba au wanane wa Songwe, wenye gereji na wenye malori wakiwemo, ikipewa mamlaka ya kukataa mtaala usiofaa, inatosha kwa kuanzia.

Wapo watakaosema kijana wa Ivuna akishapata cheti atahamia Mbeya au atavuka Nakonde. Wengine wataondoka, ndiyo. Atakayebaki atabaki kwa sababu kuna kazi inayomlipa, na hilo halitatokea ikiwa kila huduma ya mtambo, kuanzia uchomeleaji hadi chakula cha wafanyakazi, itaagizwa kutoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo Baraza la Madiwani la Momba liombe, kwa barua rasmi na mapema, nakala ya sehemu ya ajira na mafunzo ya mpango wa ushirikishwaji wa Itumbula. Liijadili hadharani, mafundi wa Tunduma na wazalishaji wa chumvi wa Ivuna wakiwa wamealikwa, na lipeleke maoni yake Tume ya Madini kabla ya uzalishaji kuanza. Baada ya hapo itakuwa vigumu kubadili chochote.