Pete ya Dhahabu: Nani Aliyeichora Njia ya Miji Mikongwe ya Urusi?

Mgeni anayejiunga na kundi la watalii jijini Moscow ili kutembelea miji mikongwe ya Urusi huambiwa kwamba atazungushwa katika Pete ya Dhahabu. Jina hilo lina mvuto. Humfanya mgeni adhani kuwa wafalme, watawa na wafanyabiashara wa kale walipita katika njia hiyo hiyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa miji hiyo ni mikongwe kweli, lakini pete yenyewe ni changa, na kwamba tofauti hiyo inatufunza namna historia inavyohifadhiwa.

Jina la Pete ya Dhahabu lilizaliwa gazetini. Mwaka 1967 mwandishi Yuri Bychkov alisafiri kwa gari kaskazini-mashariki mwa Moscow. Badala ya kurudi kwa barabara aliyoendea, alipitia miji mingine, kisha akachapisha mfululizo wa makala katika gazeti la Sovetskaya Kultura chini ya jina hilo. Miji ambayo kwa kawaida huhesabiwa katika pete ni minane: Sergiev Posad, Pereslavl-Zalessky, Rostov, Yaroslavl, Kostroma, Ivanovo, Suzdal na Vladimir. Msomaji makini atashangaa kuikuta Ivanovo humo. Ivanovo ni mji wa viwanda vya nguo uliopata hadhi ya mji mwaka 1871 tu. Hata hivyo, upo njiani, na katika mgomo wa mwaka 1905 wafanyakazi wake waliunda baraza ambalo serikali ya Kisovieti ililienzi. Kwa hiyo waliochora njia walitazama barabara na siasa za wakati wao, si umri wa majengo pekee.

Tuanze na Sergiev Posad, kiasi cha kilomita 70 kutoka Moscow. Mji huu ulikua kandokando ya monasteri iliyoanzishwa na Sergius wa Radonezh katika karne ya 14. Baada ya mapinduzi ya 1917 monasteri ilifungwa na kugeuzwa makumbusho. Januari 1930 kengele zake kubwa ziliangushwa kutoka mnarani na kuvunjwavunjwa ili shaba yake itumike viwandani. Kubwa kuliko zote ilikuwa na uzito wa tani 64 hivi. Mwaka huo huo mji wenyewe ulinyang'anywa jina la mtakatifu wake, ukaitwa Zagorsk kwa heshima ya mwanachama wa Bolshevik aliyeuawa kwa bomu mwaka 1919. Jina la zamani lilirudishwa mwaka 1991, na kengele mpya ikapandishwa mnarani mwaka 2004. Kengele kubwa anayoisikia mtalii hapo leo ni ya karne hii.

Huko Rostov mambo yalikuwa tofauti. Ngome nyeupe iliyo kando ya Ziwa Nero ilijengwa katika karne ya 17 kwa amri ya askofu mkuu Jonah Sysoevich. Makao ya askofu yalipohamishiwa Yaroslavl katika miaka ya 1780, ngome iliachwa ikachakaa, hata ikafikiriwa kubomolewa. Walioiokoa ni wafanyabiashara wa mji huo, waliochanga fedha za ukarabati, na mwaka 1883 makumbusho yakafunguliwa ndani yake. Kengele za Rostov zilinusurika, ikiwemo ile iitwayo Sysoi yenye tani 32. Agosti 1953 kimbunga kiliezua mapaa na kuangusha vichwa vya makanisa, na mafundi wakafanya kazi kwa miaka mingi kuvirudisha.

Suzdal nayo iliokolewa na kusahauliwa. Reli ya kutoka Moscow kwenda Nizhny Novgorod ilipokamilika mwaka 1862, ilipita Vladimir na kuiacha Suzdal kando kwa zaidi ya kilomita 25. Viwanda vikaenda kwingine, wafanyabiashara wakafifia, na mji ukabaki na makanisa yake, bustani za mboga na nyumba za mbao. Kile kilichokuwa hasara kwa wakazi wa wakati ule kikawa mtaji wa utalii karne moja baadaye. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, kisha wakaanzia huko reli ya kati mwaka 1905, Bagamoyo ilipoteza biashara yake lakini ikabaki na majengo yake ya kale.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kuta za Suzdal zimehifadhi utakatifu tu. Mwaka 1766, enzi za Catherine wa Pili, gereza liliwekwa katika monasteri ya Mtakatifu Euthymius, na wengi waliofungwa humo walikuwa watu walioasi mafundisho ya kanisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maofisa wa majeshi yaliyoshindwa Stalingrad walifungiwa hapo, akiwemo Jemadari Friedrich Paulus mwaka 1943. Ukuta ule ule uliolinda sala ulilinda pia wafungwa.

Kwa hakika, serikali iliyochora Pete ya Dhahabu ndiyo iliyokuwa imeangusha kengele chini ya miaka arobaini kabla yake. Lakini ndani ya nchi hiyo hiyo walikuwepo wasanifu majengo, wafanyakazi wa makumbusho na wapenzi wa mambo ya kale waliotetea yaliyobaki, na mwaka 1965 kikaundwa chama cha Urusi nzima cha kulinda kumbukumbu za historia na utamaduni. Kuwataja wavunjaji bila hawa ni kusimulia nusu ya kisa.

Tunawahimiza wanafunzi wetu waisome njia ya utalii kama wanavyoisoma matini yoyote: ina mwandishi, ina tarehe, na ina yaliyoachwa nje. Aonyeshwaye kanisa jeupe na aulize pia ni nani alilipaka chokaa, lini, na kwa fedha za nani.