Mtoto Mbele ya Tabibu

Mwaka 1857 tabibu wa mji wa Paris, Ambroise Tardieu, alitoa kitabu juu ya uchunguzi wa kitabibu katika mashauri ya kunajisi. Miongoni mwa waliotajwa humo walikuwamo watoto wengi, na Tardieu hakuona haya kuandika kwamba watendao ovu hilo aghalabu ni watu wa nyumbani. Alifariki mwaka 1879. Mwaka mmoja baadaye Alfred Fournier, tabibu mwenye jina kubwa, alisimama mbele ya wenzake kuwaonya juu ya watoto wanaosingizia watu wazima. Na mwaka 1883 Paul Brouardel alifuata njia ile ile, akieleza makosa yawezayo kumpotosha tabibu akamsadiki mlalamikaji. Hivyo kizazi kizima cha wanafunzi wa utabibu kilifunzwa kumshuku mtoto kabla ya kumsikiliza. Huo pia ulikuwa ufundishaji, tena uliofaulu mno.

Huko Vienna, mwaka 1896, Sigmund Freud aliwaambia matabibu wenziwe kuwa maradhi ya nafsi ya wagonjwa wake yalianzia katika kuingiliwa utotoni. Alipokewa kwa ubaridi, na mwaka uliofuata aliiacha rai hiyo.

Kimya kilianza kuvunjika Denver, Marekani. Mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake waliandika juu ya watoto wapigwao na wazazi, na hoja yao iliegemea picha za mifupa: mzazi aliposema mtoto ameanguka, mfupa uliovunjika zamani ukaunga, kando ya uliovunjika jana, ulimkadhibisha. Mwaka 1977 Kempe alihutubia juu ya watoto wanaoingiliwa, akaliita jambo hilo tatizo lililofichika la utabibu wa watoto. Lakini hapa picha ya mfupa haikuwa na la kusema. Mwaka 1994 Joyce Adams na wenziwe walichapa matokeo ya uchunguzi wa watoto 236 ambao mashauri yao yalithibitishwa kisheria. Wenye alama za wazi mwilini walikuwa sehemu ndogo tu. Mwili wa kijana hupona upesi, na mara nyingine kitendo chenyewe hakiachi jeraha. Basi tabibu aandikapo "hakuna kilichoonekana" hajasema kuwa hakuna kilichotendeka, ingawa kwa miaka mingi maneno hayo yalisomwa hivyo.

Waliotangulia kuugeuza ujuzi huu kuwa mafunzo walikuwa wauguzi. Huko Memphis mwaka 1976, na Minneapolis mwaka 1977, wauguzi walianza kufunzwa kumpokea aliyebakwa, kukusanya ushahidi, na kumtibu bila kumhoji kama mshitakiwa.

Tanzania ilikuwa na sheria ya makosa ya kujamiiana tangu mwaka 1998, lakini sheria haimfundishi mtu wa zahanati aseme nini msichana wa miaka 14 anapoketi mbele yake akitazama sakafu. Utafiti wa taifa zima wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana kimya kilikuwa kizito zaidi, maana wachache walifikiri kuwa nao huumizwa hivyo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 ulikusanya yaliyotawanyika: kusikiliza bila kushurutisha, kutomrudisha mtoto katika simulizi lile lile kila mlango aingiapo, kuomba ridhaa yake kabla ya kumgusa, kuanza dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ndani ya saa 72, na dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Saa hizo hazingoji fomu ya polisi.

Hata hivyo swali ambalo mzazi huja nalo mara nyingi ni kama binti yake bado ni bikira. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka uchunguzi wa bikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wa kisayansi. Mhudumu aliyefunzwa vema hamjibu mzazi swali hilo. Humvutia kiti, kisha humgeukia binti na kumwuliza kama angependa mama yake abaki chumbani au atoke.