Mbu wa Usambara na Kreta ya Koch

Upande wa pili wa mwezi, ule usioonekana kutoka duniani, liko shimo kubwa la mviringo lililofanywa na kishindo cha kimondo katika zama za kale mno. Wanafalaki huliita kreta ya Koch. Kipenyo chake ni takriban kilometa 95, yaani karibu sawa na masafa ya kutoka Tanga mjini hadi Lushoto yakipimwa kwa mstari ulionyooka. Jina hilo lilithibitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Falaki mwaka 1970, miaka kumi na mmoja baada ya chombo cha Kisovieti, Luna 3, kuupiga picha upande huo kwa mara ya kwanza.

Mwenye jina ni Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1910, na Lushoto haikutajwa hapa kwa kipimo tu. Mwaka 1898 Koch alipanda milima ya Usambara Magharibi kuichunguza malaria. Wenyeji wa huko wakamweleza kwamba mtu akishuka tambarare hurudi na homa, kwa kuwa kule huumwa na wadudu. Mdudu wakamwita mbu. Na ugonjwa nao wakauita mbu. Koch aliyaandika hayo katika ripoti yake.

Tarehe na zizingatiwe. Ilikuwa Agosti 1897 tu ambapo Ronald Ross, huko India, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu, na madaktari wa Ulaya walikuwa bado wakibishana. Kijidudu chenyewe hakionekani bila ya darubini, na hakuna haja ya kudai kuwa watu wa Usambara walikijua. Walichokijua ni chanzo cha homa, nao walikwisha kukitia katika neno moja fupi.

Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, Koch akaipata 1905. Mwezini, ajabu, iko kreta iitwayo Ross, lakini si yake: ni ya James Clark Ross, baharia, na Frank Ross, mwanafalaki. Hata Ibn Battuta, aliyeizuru Kilwa mwaka 1331, anayo yake tangu 1976. Kanuni ya majina hayo hutaka mtu mashuhuri katika elimu au safari, aliyekwisha kufariki angalau miaka mitatu. Waliomfunza Koch habari za mbu wametajwa kama wenyeji tu, na kwa wasio na majina kanuni hiyo haina nafasi.

Lushoto nayo ilipewa jina na Wajerumani: Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Utawala ulipoondoka, jina liliondoka nao. Kreta ya Koch, ambayo hakuna wa Lushoto wala wa Unguja awezaye kuiona akiinua macho usiku wa mbalamwezi, ingali na jina lake.